Muhuri wa "Après Repas" na Sukari ya Mama Kavira

Siku waliyoniaga kazini walinipa kitenge, wakaninywesha Fanta ya moto, na dokta mkubwa wa kituo chetu cha afya akasimama akasema, "Mama Nsimire, sasa kaa, pumzika. Mwili umechoka." Nikapiga makofi pamoja na wengine kwa sababu nililelewa vizuri. Moyoni nilikuwa nauliza: mwili wa nani? Mutu aliyeniambia kimbia miaka yote ile, leo ananifundisha kukaa.

Sikai. Nawaandikia ninyi wanangu mnaoanza uuguzi hapa Goma, na zaidi ninyi mabinti, ambao siku moja damu ya mwezi itawakomea kama ilivyonikomea mimi. Mtanisikia nikigomba. Niacheni nigombe, kwanza nagomba na mimi mwenyewe. Kuna muhuri mmoja wa mpira, sisi tunasema kashe, ambao niliutengenezesha kwa majivuno yangu, na muhuri huo nusura umtoe Mama Kavira kwenye biashara yake. Leo hauko kwangu. Mtajua ulikokwenda.

Aliyenifundisha kazi ni muzee Balthazar, muuguzi wa zamani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakati ule hatukuwa na mashini ya kudonoa kidole na kusoma namba ya sukari. Mgonjwa akilalamika kiu na kukojoa kila mara, muzee alimpa kopo, kisha kopo lile liliwekwa nyuma ya jiko, juu ya jiwe. Tukirudi tukakuta sisimizi wamejipanga, muzee anatikisa kichwa: "Sukari hiyo." Siku moja nilisahau kikombe changu cha chai ya sukari kando ya kopo la baba mmoja wa Majengo. Sisimizi walifuata chai, mimi nikamwandikia yule baba ugonjwa ambao hakuwa nao. Alikaa juma zima bila ndizi wala kinywaji, akilia kwamba anakufa.

Muzee Balthazar hakunipigia kelele. Alinituma kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule baba, juu ya yale mawe yetu meusi yanayokula viatu, nimwombe radhi mbele ya mke wake na majirani. "Kosa la dawa halifichwi mu kabati," aliniambia. "Unalirudisha pale ulipoliacha." Nilimchukia siku tatu.

Ni yeye pia aliyenipa sheria ya baada ya kula. Watu walitoka shambani bila kitu tumboni, wanameza vidonge vya maumivu, tumbo linawachoma, wanatapika, kesho hawarudi. Kwa hiyo muzee alisema dawa yote ni baada ya kula, kwisha. Ilikuwa sheria nzuri na iliokoa matumbo mengi. Mimi niliandika maneno hayo kwa mkono juu ya kila bahasha ndogo ya dawa mpaka vidole vikakakamaa. Muzee alipokwisha kufa nilikwenda kwa fundi wa mihuri, akanichongea moja kwa Kifaransa, yaani baada ya kula: APRÈS REPAS. Wino wa zambarau. Ninyi hamjui raha ile. Nilikuwa napiga bahasha ishirini kwa pumzi moja, huku naongea na mgonjwa wa tatu nyuma yake, bila hata kuangalia mkono wangu unapiga nini. Shikeni hilo neno, bila kuangalia.

Sasa habari za umri. Siku moja ya chanjo, wamama wamejaa kwenye mabenchi, asubuhi ya baridi, kila mutu amevaa pulova, mimi joto likanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Nilivua pulova. Nikavua bluzi nyeupe ya kazi. Nikabaki na kombinezoni ya ndani tu na bomba la sindano mkononi, nikaendelea kuchanja. Watoto waliacha kulia, wakabaki kunitazama. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Huyu amefika ku menopozi," na benchi zima likacheka, nami nikacheka nao. Yale mengine ndiyo hayakuwa ya kucheka. Usingizi ulinikimbia. Saa nane ya usiku macho yamekauka, mwili umechoka, nimelala chali nahesabu mabati. Tumbo likaanza kujaa wakati chakula ni kile kile. Presha ikapanda kidogo. Nilipomweleza dokta mkubwa, hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Ni umri, mama. Kwa mwanamke ndiyo mwisho."

Mwisho wa nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, na akadhani namchokoza. Nilikuwa namchokoza, ndiyo. Mwanamke akikomewa na damu, mlango mmoja tu umefungwa. Nyumba nzima bado ina watu. Lakini nilimwona kila siku yule mama wa miaka hamsini na kitu anayekuja na usingizi uliovurugika, tumbo lililojaa, sukari inayopanda polepole, na wote tulimpa jibu moja: umri. Tukampa vitamini, akaenda. Hiyo ni aibu yetu na sitaipaka rangi.

Mama Kavira alikuwa mmoja wao. Ni mama wa kutoka upande wa Butembo, mjane, anatoa maharagi mji wa Kiwanja na kuyauza hapa mjini. Kila juma anapanda gari juu ya magunia yake, anarudi na vumbi kwenye nyusi. Watoto wote wamesoma kwa maharagi hayo. Damu yake ilikoma, usingizi ukaondoka, na mashini yetu ikaonyesha sukari imeanza kupanda, si sana. Masika, binti yake anayeishi Ulaya, alimtumia chupa ya vidonge vya melatonini vya kumlaza. Kavira hakuweza kusoma maandishi ya juu ya chupa, akaileta kituoni. Dokta mkubwa aliizungusha mkononi, akasema, "Ni kitu cha usingizi tu, hakina neno," akanipa. Mimi nikagawa vidonge kwenye bahasha, na mkono wangu ukafanya ulichozoea. APRÈS REPAS, APRÈS REPAS, APRÈS REPAS.

Usingizi ukarudi. Kavira alikuja kunishukuru na kikapu cha maharagi ya njano. Ila tulipompima, sukari ilikuwa imepanda. Kipimo cha pili kikapanda tena. Hapo tukamgeukia. Mimi wa kwanza, nikimtazama kwa jicho la mutu anayejua kila kitu.

"Unakula mandazi kwa siri," nilimwambia.

"Mama Nsimire, mimi ni muke wa maharagi, si wa mandazi," alinijibu. "Tangu ile siku mulinikataza sukari, sijagusa. Hata chai nakunywa chungu, natoa machozi."

Sikumwamini. Mtoto wake mkubwa, Paluku, karani aliyewahi kufanya kazi za forodha Bunagana, naye hakumwamini. Msimwone Paluku mbaya. Yule kijana alikuwa anaogopa. "Ile balabala inanikula roho kila juma," aliniambia pale mlangoni. "Akianguka na sukari kule njiani, nani atamuokota? Bora akae nyumbani, sisi tumulishe." Walikaa kama familia, wakapatana na mama yao: kipimo cha tatu kikishuka, anaendelea. Kikipanda, anaacha safari, na kazi inapewa shemeji yake. Kavira alikubali kwa sababu alijua hajala kitu cha kukatazwa. Alinituma mimi nisome namba hiyo, kwa vile aliniamini.

Nikasoma. Ilikuwa imepanda kuliko zote.

Jumapili ile, baada ya ibada ya jioni, nilialikwa kwao Majengo niwe shahidi. Kwa hawa wamama wa magunia, kuachia kazi kuna namna yake: unatoa ile sindano kubwa ya kushonea midomo ya magunia, unamkabidhi anayekupokea mbele ya watu. Sindano ya Kavira ilikuwa juu ya meza, imechongoka na kung'aa kwa kushikwa. Shemeji amekaa kando, hafurahi wala hahuzuniki. Kwanza tukala, maana Kavira hangekubali watu wamzike na njaa, ndivyo alivyosema. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo sambaza wa kukaanga. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Alimeza tonge la mwisho, akanawa, na hapo hapo akachomoa bahasha kifuani, akaiinua wote waone maandishi ya zambarau.

"Munaona? Baada ya kula. Hata leo siku ya kunifukuza, sikuvunja sheria yenu," akasema, akatupa kidonge mdomoni.

Wanangu, hapo ndipo nilipokumbuka. Majuma machache nyuma, dokta mmoja kijana aliyekuja kujifunza kwetu, Dokta Espérance, alikuwa amenieleza tukinywa chai. Alisema melatonini ni habari ambayo ubongo unaupelekea mwili giza likiingia: usiku umefika, funga jiko. Na kiungo kile kinachotoa insulini, ambayo inaondoa sukari kwenye damu, nacho kinasikia habari hiyo, kinapunguza kazi. Ukila bugali kubwa wakati habari hiyo imejaa mwilini, sukari inabaki inazunguka kwenye damu muda mrefu. Mimi nilimjibu nini? "Binti, wewe na vitabu vyako. Malizia chai, wagonjwa wanangoja." Ndivyo nilivyomjibu.

Kavira alikuwa ameshanyanyuka kuchukua sindano. Nikasema, "Ngoja." Sauti yangu ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Nikampigia Espérance simu mbele yao, nikaweka sauti ya nje. Nikamwuliza: mutu anayekula chakula kizito usiku, anameza melatonini juu ya tonge la mwisho, kila siku, miezi mitatu, sukari yake inaweza kupanda bila kula mandazi?

"Mama, siwezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake," alisema. "Lakini inaweza, ndiyo. Nani alimwambia ameze na chakula?"

Ningeweza kukata simu. Ningeweza kusema tutachunguza, nirudi kituoni, nibadilishe bahasha kimyakimya. Hakuna ambaye angejua. Nikamwona muzee Balthazar na miwani yake ya uzi. Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Muhuri ni wangu, mkono ni wangu. Nilipiga bila kuangalia. Nikamwita mama yenu mwongo, na alikuwa anatii neno langu kila jioni. Naomba radhi, Mama Kavira. Naomba mbele ya watoto wako."

Paluku alisimama kwa hasira, kiti kikaanguka nyuma yake. Alinisema maneno ambayo siyaandiki hapa, na nilistahili karibu yote. Kavira hakumzuia. Alimwacha amalize, kisha akazungumza polepole, akitutazama mmoja mmoja.

"Mulinichunguza mu sahani. Mukanichunguza mu mufuko. Wewe Paluku ulituma mutoto aangalie chini ya kitanda changu kama kuna biskuti. Hakuna hata mumoja aliyechunguza bahasha."

Paluku akainamisha kichwa. Mimi pia. Kavira akachukua sindano yake juu ya meza, akaichoma kwenye kitambaa cha kichwa, mahali pake pa kila siku. "Munipe miezi mingine mitatu," akasema. "Na sasa nipimwe na watu wenye macho." Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema sawa.

Kesho yake dokta mkubwa aliniita. Habari zilikuwa zimefika. Alisema nimeharibu heshima ya kituo, kwamba ningesema tu dawa imebadilishwa. Nikamwambia heshima ya kituo ilikuwa imelala juu ya mgongo wa mwanamke mmoja muda wa miezi mitatu, na kwamba nimeishusha. Aliniandikia barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, nimeifunga pamoja na vyeti vyangu vya ubatizo na ndoa.

Espérance alianza kwa kusimamisha melatonini. Kisha chakula. Kavira alizoea kula usiku kwa sababu soko linamwachia jioni, na hapo sikutaka kusikia ushauri wa vitabuni wa mutu kula nyumbani kwa utulivu. Tulikubaliana abebe bugali yake sokoni, aile saa kumi kati ya magunia, na usiku iwe mboga ya lengalenga kidogo au supu. Wenzake walimcheka wiki mbili, kisha nao wakaanza kuja na sahani. Alitembea badala ya kupanda moto, yaani pikipiki, kwa safari fupi. Dawa ya sukari akapewa, na hiyo kweli inataka chakula, hiyo ilistahili muhuri wangu. Muhuri haukuwa na kosa. Kosa ni kupiga kwanza na kuuliza baadaye.

Ikabaki taa. Hapa kwetu mnajua wenyewe. Baada ya zile usiku za milio ya bunduki, watu wengi tulizoea kulala na taa ya sola inawaka, ili ikibidi kukimbia tuone viatu na mufuko wa dokima, zile karatasi zetu na vitambulisho. Espérance alieleza kwamba mwanga huo machoni unaufanya ubongo usitume habari ya usiku vizuri, na umri wetu umeshaipunguza. Mgeni angesema tu, zimeni taa. Mimi nilikataa kumwambia mama wa Goma azime taa kisha nimwache na woga wake. Nilimfundisha Kavira, na baadaye kila mama aliyekuja: viatu upande wa kulia wa kitanda, dokima ndani ya viatu, ufunguo kwenye shingo. Fanya mazoezi mchana ukiwa umefumba macho, mpaka mkono ujue. Halafu zima. Giza ni la kwetu pia, hatutaliacha kwa watu wenye bunduki. Wengine walizima. Wengine walishindwa, nikawaambia waielekeze taa ukutani, ni afadhali kuliko machoni.

Miezi mitatu ikafika. Safari hii namba aliisoma Paluku mwenyewe, akairudia mara mbili kwa sauti ya karani. Ilikuwa imeshuka. Haikushuka mpaka ya msichana, msinitie maneno mdomoni. Lakini ilishuka chini ya ile ya mwanzo kabisa, kabla ya chupa ya Ulaya. Kavira alivaa kitambaa chake, sindano ndani, akasema gari la Kiwanja linamngoja.

Baadaye Espérance alimrudishia melatonini kidogo, mbali kabisa na chakula, huku akimpima, na inamsaidia kulala. Mimi nilijaribu ikaniachia kichwa kizito mpaka saa nne za asubuhi, nikaacha. Wenye elimu wangali wanabishana kama kidonge hicho kinasaidia sukari na tumbo la wamama wa umri wetu, au kinawafaa wengine tu. Akija mutu kuwauzia kama dawa ya kila kitu, mfukuzeni. Akija mwingine kuwaambia ni umri tu, huyo naye mfukuzeni. Mwulizeni mama analala saa ngapi, anakula saa ngapi, nini kinawaka karibu na kitanda chake. Na mkijibiwa kitu ambacho hakipatani na mnachojua, anzeni kwa kutilia shaka mnachojua.

Turudi kwenye ile Fanta ya moto. Siku ya kuniaga nilikuwa na muhuri mfukoni. Nilikuwa nimekusudia kuutupa chooni nikitoka. Mama Kavira alikuja, na vumbi lake kwenye nyusi, akanikuta nyuma ya kituo nimeushika.

"Unautupa?" aliniuliza.

"Umefanya kazi mbaya ya kutosha."

"Nipe mimi," akasema. "Pale Kiwanja magunia yote yanafanana, wanabadilishana yangu. Nilikuwa natafuta alama."

Kwa hiyo mkiwa mjini mkaona gari linashusha maharagi, tazameni pembeni ya magunia. Lile lililopigwa APRÈS REPAS kwa wino wa zambarau ni la mama aliyeambiwa akae nyumbani. Na yule mwingine, aliyeambiwa apumzike, anayetembea nyuma yake na mashini ya sukari ndani ya kikapu akiwapima wamama wa soko kidole kwa kidole, ni mimi. Mkitukuta, tupisheni njia.